Nani alisema kijijini hakuna matumizi?

Siku mama alipoanguka shambani, wa kwanza kulaumiwa alikuwa binti yake wa kati, yule anayeishi naye.

Ilikuwa asubuhi ya baridi katika kijiji kimoja cha milimani, wilayani Lushoto. Mama huyo mwenye umri wa miaka 67 alikuwa shambani na mjukuu wake, wanachimba karoti. Mtoto akamwona bibi yake anayumba, kisha anakaa juu ya tuta kama mtu aliyechoka ghafla. Alipomwita, bibi alifungua mdomo lakini maneno hayakutoka vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na jembe limemponyoka.

Jirani mwenye pikapu ya kubebea mboga alishusha matenga yake kando ya barabara, akampakia mgonjwa. Hospitalini wakampima presha: 210 kwa 120. Kilikuwa kiharusi. Si kile cha kumlaza mtu miezi, waliambiwa, lakini kilitosha kuutia mkono ganzi na kuufanya ulimi uwe mzito.

Muuguzi akaomba kuona dawa anazotumia. Binti akatoa bahasha ndogo ya dawa aliyoichomoa chini ya godoro la mama yake wakati wanatoka mbio. Iliandikwa vidonge 30, kimoja kila siku, na tarehe ya siku 48 zilizopita. Muuguzi akamimina vilivyobaki kwenye kiganja, akahesabu. Vilikuwa sita.

Vidonge 24 kwa siku 48. Mama alikuwa anameza leo, kesho anaruka.

Jioni ile simu ilipigwa kutoka Tanga mjini. Kaka mkubwa hakuanza na salamu ndefu. "Mimi hela ninatuma kila mwezi. Elfu hamsini, sijaruka hata mara moja. Huko kijijini hamlipi nyumba, hamnunui mboga, hakuna matumizi. Sasa imekuwaje mama akose dawa?"

Dada alikuwa amesimama kwenye korido ya wodi, simu sikioni, na kanga ya mama yake mkononi. Hakujibu. Angejibu nini? Hata yeye hakujua kwamba mama anaruka dawa.

Mkoa mmoja, maisha matatu

Ndugu hawa wako watatu, na wote wanaishi ndani ya mkoa wa Tanga. Kwa heshima ya mama yao, majina hayatajwi hapa.

Kaka mkubwa anaishi Tanga mjini, karibu na bahari, ana mke na watoto watatu, na ameajiriwa kiwandani. Dada wa kati amebaki nyumbani Lushoto kwenye milima ya Usambara, analima kabichi, karoti na viazi, na ndiye anayemlea mama. Mdogo wao wa mwisho ameolewa Handeni, kwenye nchi kavu ya mahindi na mifugo, ambako mvua ikigoma watu hutazama mawingu kama wanaotazama mgeni aliyeahidi kuja.

Mtu akisafiri kwa basi anaweza kuzunguka sehemu zote hizi tatu kwa siku mbili. Lakini kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa na picha yake kuhusu maisha ya wenzake, na picha hizo hazikubadilika.

Kaka aliamini Lushoto ni bure. Alikulia huko. Anakumbuka mboga za kuchuma nyuma ya nyumba, maji ya chemchemi, kuni za kuokota. Dada zake nao waliamini mjini kuna hela, kwamba mtu mwenye mshahara akisema hana, anabana. Walisema zaidi kuhusu wifi yao. Walisema ndiye anayemshika kaka mkono asitume zaidi. Na wote wawili, kaka na dada, walikuwa wamekubaliana kimoyomoyo kwamba mdogo wao wa Handeni amemsahau mama, maana yeye kwa miezi ya kiangazi hatumi hata senti.

Hakuna aliyewahi kukaa na kuuliza maswali ya kawaida. Unga kwenu bei gani? Maji mnapata wapi? Ukitaka kwenda hospitali unatoka na shilingi ngapi?

Daftari la mjukuu

Wiki tatu baadaye mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, na watoto wote watatu wakakutana Lushoto. Kaka alipanda basi mpaka Mombo, kisha Hiace ya kupanda mlima kwa zile kona za Soni. Mdogo alitoka Handeni na mtoto mgongoni. Wifi naye alikuja.

Baada ya chakula cha usiku kaka alirudia swali lake, safari hii taratibu zaidi. "Dada, sikulaumu. Nataka kuelewa tu. Hela ninayotuma inaenda wapi?"

Dada aliinuka, akaenda chumbani kwa binti yake wa kidato cha pili, akarudi na daftari la hesabu na kalamu. Akampa binti. "Andika," akamwambia. "Mjomba wako anataka kuelewa."

Akaanza na siku ya kliniki. Zahanati ya kijijini wanaweza kupima presha, lakini dawa ya mama mara nyingi haipo, kwa hiyo kila mwezi wanashuka hospitali. Bodaboda kutoka kijijini hadi barabara kubwa, watu wawili wakipanda pamoja, 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Hiace 2,000 kwa kila mtu, kwenda na kurudi, jumla 8,000. Hapo nauli peke yake ni 20,000. Dawa ikikosekana hospitali wananunua duka la dawa, 14,000. Chai na mkate, kwa sababu mgonjwa wa presha hawezi kukaa foleni tangu alfajiri hadi saa nane bila kitu tumboni, 3,000. Na zile 50,000 zinapoingia kwenye simu hazina ya kutolea, kwa hiyo wakala anakata kama 2,000.

Binti akajumlisha. "Elfu thelathini na tisa, mama."

"Toa kwenye hamsini."

"Elfu kumi na moja."

Hiyo 11,000 ndiyo iliyokuwa inabaki kwa mwezi mzima. Sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kula, na unga. Kwa sababu unga wanaununua. Mashamba ya mlimani yamegawanywa kwa vizazi hadi kila mtu amebaki na matuta machache, na mengi yamepandwa mboga za kuuza. Mahindi yanapanda mlima kutoka bondeni, na kila kona ya barabara ile inaongeza bei.

"Na siku niliyompeleka kliniki sijaenda kibarua," dada aliendelea. "Huku siku ya kibarua ni elfu saba. Tangu mama aanze kuumwa napoteza siku kama sita kwa mwezi. Hizo hujawahi kuzihesabu, kaka. Hata mimi sikuwahi."

Kabichi ile ile

Kaka alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo ambalo lilibadilisha mazungumzo. "Basi niandikieni na ya kwangu."

Mshahara unaoingia mkononi ni 420,000. Kodi ya vyumba viwili 70,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hapokei ya mwezi, anataka ya miezi sita kwa mpigo. Ni 420,000, yaani mshahara mzima wa mwezi, mara mbili kwa mwaka. Maji 12,000. Luku 15,000. Gesi na mkaa 40,000. Daladala yake kwenda kazini na kurudi, siku 26, ni 31,200. Nauli ya watoto wawili wanaosoma mbali 17,600. Chakula, hata wakijibana vipi, 195,000. Shule haina ada tangu Januari 2016, lakini madaftari, sare na michango midogomidogo vinafika 20,000.

Jumla: 400,800.

Binti wa kidato cha pili alitoa mwenyewe bila kuambiwa, kisha akatazama juu. "Mjomba, imebaki elfu kumi na tisa na mia mbili."

Na kila mwezi alikuwa anatuma 50,000.

"Nyingine zinatoka wapi?" mdogo aliuliza.

Kaka akamtazama mkewe. Mke akainamisha uso, anachezea pindo la kanga. Kumbe wifi ndiye. Kila siku saa kumi alfajiri anaamka kuchoma vitumbua, anavibeba kwenye beseni hadi kituo cha daladala, na kile kinachobaki baada ya mchele na mafuta ndicho kilichokuwa kinakamilisha hamsini ya mama mkwe. Kwa mwaka wa tatu sasa. Hakuwahi kusema, kwa sababu, kama alivyosema usiku ule, "hela ya mzazi haitangazwi."

Dada wa kati aliondoka pale alipokaa, akaenda kukaa karibu na wifi yake. Hakusema kitu.

Ndipo wakafika kwenye kabichi. Wifi alitaja kwamba mjini kabichi moja ya wastani ananunua 1,500. Dada akashtuka. Wiki mbili nyuma alikuwa ameuza kabichi zake kwa dalali shambani, 300 moja, kwa sababu zilikuwa zimekomaa kwa wakati mmoja na za majirani wote na zingeoza. Kabichi ile ile. Ile 1,200 ya katikati imelipa gunia, mpakiaji, mafuta ya lori, ushuru, dalali, mwenye meza sokoni, na zile zilizooza njiani. Mkulima analia bei ndogo na mnunuzi analia bei kubwa, na wote wawili ni watoto wa mama mmoja.

Mtu akikaa Tanga mjini na kusikia kabichi Lushoto ni 300, ni rahisi kudhani huko wanaishi kwa raha. Anasahau kwamba bei ndogo sokoni ndiyo kipato kidogo nyumbani kwa aliyelima. Huko ambako chakula ni rahisi, mara nyingi ndiko shilingi yenyewe ilikoadimika. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha jambo hilohilo kwa nchi nzima: walioishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 31.3 vijijini, na asilimia 15.8 mijini. Kama kijijini hakungekuwa na matumizi, takwimu hizo zingekuwa kinyume.

Maji kuliko nyumba

Zamu ya Handeni ilifika wakati mtoto wa mdogo amelala na chai imepoa.

Mdogo alisita. Alijua anavyosemwa. "Sisi mahindi tunayo," alianza. "Kuku tunao. Nyumba ni yetu. Lakini muandike maji."

Kwenye kijiji chao, kiangazi kikishika, bwawa linakauka na maji yanaletwa na vijana wa bodaboda waliofunga madumu nyuma. Dumu la lita 20 ni 500. Familia ya watu watano inatumia madumu sita kwa siku kwa kupikia, kunywa, kuoga kwa zamu na kufulia mara moja kwa wiki. Ni 3,000 kwa siku.

"Mara thelathini," mdogo alimwambia mpwa wake.

"Elfu tisini, mama mdogo."

Kaka alinyoosha mkono akachukua daftari, akaangalia mwenyewe. Mdogo wake analipa maji kuliko yeye anavyolipa nyumba. Na yeye kwa maji ya bomba ya mwezi mzima analipa 12,000.

Madumu sita ni lita 120. Kwa watu watano ni lita 24 kila mmoja. Umoja wa Mataifa unasema binadamu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Kwa hiyo mdogo huyo wa Handeni analipa zaidi ya mara saba ya bili ya kaka yake na bado familia yake haipati hata nusu ya kiwango cha chini. Mvua zikinyesha gharama hiyo inapotea, kwa sababu wanachota bwawani bure, ila watoto wanaanza kuharisha na hela inahamia dukani kwa dawa.

Hiyo ndiyo miezi ambayo hakuwa anatuma kitu kwa mama. "Nilikuwa naona aibu kutuma elfu mbili," alisema. "Nikaona bora ninyamaze."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ndugu watatu walikuwa wamezikana kwa maneno kwa miaka kadhaa, kila mmoja akidhani kaburi la mwenzake lina nafasi.

Aliyejua hesabu zote

Wakati wote huu mama alikuwa amelala kwenye chumba cha pili, mlango wazi. Walidhani amesinzia. Maneno yake bado yalikuwa mazito, lakini yalieleweka.

"Mimi nilijua," alisema.

Wakaenda kukaa pembeni ya kitanda chake. Akaeleza taratibu. Kila wakirudi kliniki alikuwa anamwona binti yake anahesabu chenji jikoni. Aliona mjukuu amekwenda shule na viatu vilivyofungwa kwa uzi. Akafanya hesabu yake mwenyewe: vidonge vya mwezi mmoja vikigeuka vya miezi miwili, safari moja ya hospitali inaokolewa. Elfu ishirini ya nauli, na elfu kumi na nne ya dawa. "Na sikusikia kuumwa," alisema. "Siku nisiyomeza na siku niliyomeza, mwili ni uleule. Nikaona dawa zinanidanganya."

Hapo ndipo hatari ya ugonjwa huu ilipo. Shinikizo la juu la damu mara nyingi haliumi. Mtu anaweza kutembea nalo miaka, analima, anapika, anacheka, huku mishipa ya damu ya ubongo, moyo na figo inaumizwa polepole. Dawa zake hazifanani na za kichwa, ambazo mtu humeza akiumwa na kuacha akipona. Zinashika presha mahali pake kwa siku moja, na kesho zinahitajika tena. Anayemeza siku moja na kuruka siku moja hajapata nusu ya kinga. Presha yake inapanda na kushuka, na siku moja mshipa unashindwa.

Mama hakuwa mkaidi wala mzembe. Alikuwa mzazi anayebana matumizi, kama wazazi wengi wanavyofanya, kwa kuanza na yeye mwenyewe. Nani kati ya watoto wake angejua, wakati hakuna aliyekuwa anajua hata nauli ya kliniki?

Walichokubaliana

Usiku ule hawakupata hela mpya. Zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni jinsi walivyozigawa.

Kwanza, walirudi kwa daktari wakamweleza ukweli kuhusu umbali na nauli. Akakubali kwamba presha ya mama ikitulia, apimwe kila baada ya wiki mbili kwenye zahanati ya kijijini, mahali pa kutembea kwa miguu, na kushuka hospitali iwe kila baada ya miezi miwili badala ya kila mwezi. Akaandika dawa za muda huo, na akawaonya wasibadili aina wala kipimo bila kurudi kwake.

Pili, kaka aliacha kutuma hamsini taslimu. Alikuta kwamba dawa zilezile, kwenye duka la dawa la mjini Tanga, ni 9,000 kwa mwezi badala ya 14,000. Sasa ananunua kwa cheti cha daktari na kuzituma kwa basi, na kwenye simu anatuma 25,000 pamoja na ya kutolea. Anatoa pungufu ya zamani, lakini mama anapata zaidi.

Tatu, siku sita za dada ziliandikwa kwenye daftari kama mchango, 42,000, kwenye mstari mmoja na hela ya kaka. Hakuna anayemlipa fedha hizo. Lakini alipoona zimeandikwa alisema ni mara ya kwanza kazi yake ya kumuuguza mama inahesabika kuwa kazi.

Nne, mdogo wa Handeni hadaiwi kitu kiangazi. Baada ya mavuno ataleta magunia mawili ya mahindi, ambayo yatamwondolea dada yake mzigo wa unga kwa miezi kadhaa. Kwa sasa kazi yake ni kupiga simu kila usiku saa mbili na kuuliza neno moja: umemeza?

La tano lilitoka kwa wifi. Alipendekeza dada ampakilie gunia moja la kabichi kwenye basi, auze pale anapouzia vitumbua. Walijaribu na kabichi 30. Dada alilipwa 500 kila moja badala ya 300. Nauli ya gunia ilikuwa 6,000. Mjini wifi aliuza kwa 1,000, bei ambayo majirani waliifurahia, na mbili zilioza. Faida yake ikawa 7,000, na dada akapata 6,000 zaidi ya ambazo dalali angempa. Jumla 13,000. Si utajiri. Lakini inalipa dawa za mwezi na chenji inabaki.

Si kila kitu kimekaa sawa. Kaka ana deni la kodi ya miezi sita inayokuja na hajui atalilipaje. Mume wa mdogo hakufurahia habari ya magunia mawili. Na mjini au kijijini, bei haikai mahali pamoja. Ya leo si ya mwezi ujao.

Kwa familia yenye mgonjwa wa mbali

Familia nyingi ziko kama hii: mzazi mlimani, mtoto mmoja mjini, mwingine nchi kavu. Kabla ya kupanga nani atoe kiasi gani, kaeni muulizane. Msiishie kwenye bei ya unga na sukari. Ulizeni umbali wa kwenda kutibiwa na nauli yake kwa watu wawili, kwa kuwa mgonjwa mzee haendi peke yake. Ulizeni siku ngapi za kazi zinapotea kwa anayemuuguza. Ulizeni miezi ipi ni migumu, maana mkulima ana hela baada ya mavuno na mwenye mshahara anakauka mwezi wa kodi. Hata bima ya afya, pale ilipo, hulipia matibabu. Bodaboda mtalipa wenyewe.

Mkimtembelea mzazi mwenye presha, hesabuni vidonge pamoja naye. Angalieni tarehe iliyo kwenye bahasha. Mkikuta vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa, msianze kwa kumgombeza. Muulizeni anaogopa gharama gani. Presha inayofika 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa inahitaji kuonwa na mtaalamu, hata kama mtu hasikii chochote. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima, pamoja na iliyomo kwenye chakula cha kununua. Na mtu akipinda uso, mkono ukilegea au maneno yakianza kukokoteka, msisubiri asubuhi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mara ya mwisho mama wa Lushoto alipopimwa kwenye zahanati, presha ilisoma 148 kwa 90. Imeshuka sana, lakini haijafika inapotakiwa. Mkono wa kulia umeanza kushika kikombe, kikiwa nusu.

Daftari la hesabu sasa linakaa kwenye dirisha lake. Mjukuu amechora ukurasa wa mwisho visanduku vya siku za mwezi. Kila usiku, simu ya Handeni ikishakatika, mama anameza kidonge chake, anashika kalamu kwa mkono ule mgonjwa, na kuweka alama ya vema. Za mwanzo zilikuwa zinatoka nje ya kisanduku. Za wiki hii zimeanza kuingia.